Natoka FM2 naingia digitali na elfu hamsini: lenzi zangu nizifanyie nini?

#1 Jakamera_Manyatta
Wadau salama? Mimi niko Kisumu, napiga picha tangu enzi za filamu na mpaka leo kazi naifanya na Nikon FM2. Lenzi ziko tatu, 28mm f/2.8, 50mm f/1.8 na 105mm f/2.5 ambayo siuzi hata uniletee ng'ombe. Kazi ni zile za huku kwetu, matanga, harusi, ubatizo, graduesheni za Maseno. Shida ni pale nilikuwa naoshea filamu za rangi wamezima mashine, sasa naweka filamu kwa basi la usiku hadi Nairobi, na mteja wa siku hizi anataka picha kwa WhatsApp kabla jeneza halijateremshwa. Nimekubali yaishe. Nina elfu hamsini, mkinisukuma sana nafika sitini. Duka moja limenipa bei ya Nikon D5300 ya digitali na lenzi yake ya 18-55, jamaa mwingine ana Nikon D7100 ex-UK, bodi tupu bila lenzi.

Lakini kuna kitu kinanitisha. Juzi niliazima kamera ya mpwa wangu nikapiga watu wa dini ya Roho wakitoka kanisani saa sita mchana. Nyuso zilitoka vizuri, lakini zile kanzu nyeupe zikawa karatasi tupu, hakuna mkunjo, hakuna mshono, misalaba nyekundu kifuani inaelea tu hewani. FM2 na filamu ya Kodak Gold 200 hazijawahi kunifanyia hivyo, na ni pahali pale pale, saa ile ile. Kwa hivyo nauliza mawili: ninunue gani, na zile kanzu ziliungua kwa nini?

#2 NaxPixel
Chukua D5300 usiangalie nyuma. Iko na 24 megapikseli, skrini inageuka, iko na Wi-Fi ndani, mteja unamtumia picha akiwa bado analia. D7100 haina Wi-Fi, skrini imekwama, halafu ni ya kitambo, 2013. Lenzi zako zote zitaingia, mlango wa Nikon ni ule ule tangu 1959.

#3 Mwalimu_Mstaafu
Kijana wa Nakuru punguza mwendo. D5300 nayo ni ya 2013, hizo zimetoka mwaka mmoja. Halafu kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni lingine. Lenzi za mkono hazina zile pini za umeme za kuongea na bodi, kamera inajua apacha (tundu la mwanga, zile namba za f) kupitia kaulimi kadogo pembeni mwa mlango kanakosukumwa na ringi ya lenzi. D5300 haina kaulimi hako. Ukifunga lenzi hizo mita ya kupima mwanga inazima, unabaki kwa M, unaweka kila kitu mwenyewe ukibahatisha. D7100 inako. Unaingia kwa menyu unaiandikia, lenzi namba 1 ni 28mm f/2.8, namba 2 ni 50mm f/1.8, hivyo hivyo zinaenda mpaka tisa, halafu unatumia A (kamera inakuchagulia shata) au M, apacha unazungusha kwa vidole kama ulivyozoea na mita inasoma bila matata.

#4 NaxPixel
@Mwalimu_Mstaafu sawa mzee wangu, lakini mtu wa FM2 anataka mita ya nini? Si nyinyi mlitufunza jua kali weka f/16 na shata (kasi ya kufunga) sawa na ISO? Ama hizo zilikuwa story za jaba 😂

#5 Mwalimu_Mstaafu
Jua kali, ndiyo. Sasa niambie ndani ya hema la matanga saa kumi mawingu yakiwa yanaingia kutoka ziwani utaweka f ngapi?

#6 Mama_Studio_Kakamega
Asante mwalimu kwa kutaja hema. Ndugu Jakamera, mimi niko na studio Kakamega na matanga ndiyo yanalipa karo ya watoto wangu, kwa hivyo nisikilize. Mnabishania mita na mmesahau kropu. Sensa, kile kinachonasa picha mahali pa filamu, kwa D5300 na D7100 ni ndogo kuliko fremu ya filamu, zidisha kila lenzi kwa 1.5, na namba ikipanda lenzi inaona eneo dogo. Hiyo 28 yako inakuwa kama 42, 50 inakuwa 75, na 105 inapita 157. Sasa fikiria ile picha ya familia kando ya jeneza, watoto wa marehemu, wakwe, wajukuu, halafu mtu na kipaza sauti anaita "na wale wa kutoka Mombasa waje", watu arobaini, na wewe unarudi nyuma unarudi nyuma mpaka uko ndani ya mahindi ya jirani na bado shangazi mmoja amekatwa mkono. Kwa kazi yako 28 ndiyo lenzi ya chakula, na kropu inakunyang'anya hiyo ya kwanza. Tafuta fulu fremu, yaani sensa sawa na fremu ya filamu, Nikon D700 ama D610. D700 ni ya 2008 na ni megapikseli 12 tu lakini A3 inachapisha bila aibu.

Hilo hema lenyewe ni kesi ingine, likiwa la bluu kila mtu anatoka kama ana baridi. Piga RAW (faili ghafi), usipige JPEG ambayo kamera imeshaipika, rangi utairudisha nyumbani.

#7 Fokasi254
Fulu fremu ya DSLR, hizi za kioo cha kurusha picha kwa kidirisha, kwa elfu hamsini utapata ya kufa kesho. Mimi niko Eldoret, nilitoka kwa filamu nikaenda moja kwa moja miralesi, isiyo na kioo hicho, Sony A7 ile ya kwanza ya 2013, nayo ni fulu fremu, na adapta ya chuma ya Nikon ambayo haina hata kipande cha lenzi ndani. 28 inabaki 28. Kwenye kidirisha unaona picha vile itakuwa kabla hujabonyeza, ukizungusha fokasi ile sehemu iko wazi inawaka rangi nyekundu pembeni. Mtu wa lenzi za mkono hapo amefika nyumbani. Hizi DSLR za kropu mnamwambia anunue, kidirisha chake ni kidogo na hakina ile duara iliyokatwa katikati ya FM2, atajua aje kama jicho la bi harusi liko kwa fokasi?

#8 Mwalimu_Mstaafu
Kuna doti chini kushoto ndani ya kidirisha, inawaka fokasi ikikubali. Si tamu kama ile duara lakini inafanya kazi.

#9 Omwana_wa_Khwisero
Mulembe wote. @Fokasi254 mwambie na betri basi. Hiyo A7 ya kwanza betri yake haimalizi harusi, unatembea na nne mfukoni kama fundi wa redio. Na akinunua ya kutoka Japani aangalie menyu kwanza, Sony nyingi za soko la Japani ni Kijapani kitupu, hakuna pahali pa kubadilisha lugha, nimeona mtu Luthuli, Nairobi, anapewa moja "bei ya rafiki" kumbe ndiyo sababu.

Jakamera kitu kingine, chunga hiyo 105. Kama ni ile ya kabla ya 1977 ukiilazimisha kwa D7100 itavunja hako kaulimi mwalimu anasema.

#10 Mtu_wa_Maabara
Nakuru hapa, niliwahi kukaa kwa mashine ya kuchapisha miaka mingi kabla ya watu wote kununua simu. Swali la kanzu hakuna amelijibu, wacha nilijibu. Hizo kanzu kwa filamu haziku"toka" zenyewe, ni sisi tulikuwa tunazitoa. Mashine inasoma negativu moja moja na kuamua karatasi ipewe mwanga kiasi gani, halafu mimi naangalia kwa skrini nabonyeza kupunguza giza, kuongeza rangi, fremu kwa fremu. Nyinyi mafundi mlikuwa mnatuletea negativu nyeusi tii, imepigwa mwanga zaidi ya mara mbili ya unaohitajika, na Jumatatu mnachukua picha safi mnafikiri ni mkono wenu. Digitali imeondoa mtu wa katikati, basi.

#11 Jakamera_Manyatta
@Mtu_wa_Maabara haha omera umenivua nguo mbele ya watu. Lakini bado, hizo negativu ninazo. Nimetoa moja ya kanisa lile lile nikaiinua dirishani, pale kanzu iko ni kweusi sana lakini mikunjo naiona kwa macho, mpaka kamba ya kiunoni. Kwa hivyo ilikuwa kwa filamu kabla nyinyi hamjaigusa. Na ile faili ya mpwa nimeifungua kwa laptopu nikateremsha mwanga mpaka chini, nyeupe inakuwa kijivu na hakuna kitu ndani.

#12 Mtu_wa_Maabara
Sijasema haikuweko, nimesema bila mimi usingeiona 😂

#13 Mama_Studio_Kakamega
Nyote wawili mnasema kitu kimoja. Negativu ya rangi inavumilia mwanga mwingi, ukizidisha stopu mbili au tatu (kila stopu ni mwanga mara mbili) bado inajaa polepole. Sensa ikijaa imejaa, hakuna ziada. Kilicho kinyume ni upande wa giza, digitali kivuli unaweza kukiinua na ukapata uso, filamu ukiinyima mwanga unapata tope. Kwa hivyo mtu wa negativu alikuwa anapimia kivuli, sasa ajifunze kupimia nyeupe. Waliopiga slaidi hawakupata taabu hii, slaidi nayo ilikuwa haisamehi.

#14 NaxPixel
Ama ni mita ya matrix, ile inapima fremu nzima. Iliona nyuso nyeusi ikadhani ni usiku ikafungua.

#15 Mwalimu_Mstaafu
Hapana, hiyo hesabu inagoma. Kundi lote limevaa nyeupe, nyeupe ndiyo imejaa fremu. Mita ikiona nyeupe nyingi inafunga, picha inatoka na giza, nyuso zinapotea. Yeye anasema nyuso zilitoka vizuri. Jakamera, nyuma yao kulikuwa na nini? Na mita ya kijana ilikuwa imewekwa wapi?

#16 Jakamera_Manyatta
Nyuma ni mwembe mkubwa na kivuli chake, wao walikuwa wametoka kidogo kwa jua. Mita sikuangalia, kamera ni ya mtoto wa dada yangu, anapiganga mambo ya fasheni pale Dunga.

#17 Omwana_wa_Khwisero
Fasheni? Basi mita iko kwa spoti, inapima uso peke yake. Kesi imeisha.

#18 Fokasi254
Haijaisha. Inaweza kuwa mwembe, giza lake limedanganya mita ikafungua, inaweza kuwa spoti, inaweza kuwa kijana ameacha fidia ya mwanga kwa +1 maana fasheni wanapenda ngozi ing'ae, na inaweza kuwa alikuwa kwa JPEG na rangi ya Vivid ambayo inaongeza kontrasti mpaka nyeupe inalipuka. Muulize mpwa atume faili lenyewe, data yote iko ndani.

#19 PentaxPekee
Naona mmemzungushia Nikon kama hakuna kampuni ingine duniani. Mimi nilitoka Pentax K1000, kamera ya filamu iliyotengenezwa kutoka 1976 mpaka 1997 bila kubadilika cha maana, na kila lenzi niliyokuwa nayo inafanya kazi kwa karibu DSLR yoyote ya Pentax, hata ile ya bei ya chini. Unaruhusu ringi ya apacha kwa menyu, unabonyeza kitufe cha kijani, kamera inafunga apacha inapima inakupa shata. Na kwa nyingi kizuia mtikisiko kiko ndani ya bodi kwa hivyo lenzi ya babu yako nayo inatulizwa. Mwambieni D5300 ifanye hivyo.

#20 NaxPixel
Watu wa Pentax Kenya nzima mnaenea matatu moja, na leo dereva ameongea.

#21 PentaxPekee
Na tunafika 😎

#22 Mama_Studio_Kakamega
Pentax sina neno nayo, shida ni siku flashi imekufa Ijumaa usiku na harusi ni Jumamosi. Ya Nikon au Canon nitaazima kwa jirani. Ya Pentax nitaazima kwako Bungoma?

#23 Mwalimu_Mstaafu
Narudi kwa onyo la @Omwana_wa_Khwisero kuhusu 105. Onyo ni la kweli kwa lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazijakatwa ringi. Lakini jamaa amesema anaitumia kwa FM2, na FM2 yenyewe haizipokei hizo. Ni FM ya kwanza iliyokuwa na kaulimi kanakoinuka kupisha lenzi za zamani. Kwa hivyo kama inafunga FM2 bila kulazimishwa, itafunga D7100. Akitaka hakikisho aangalie ringi ya apacha, kuna safu ya pili ya namba ndogo karibu na mlango. Na cha kuchekesha, hizo lenzi kongwe kabisa zinaingia D5300 salama, kwa sababu haina kaulimi ka kuvunja. Nikon Df nayo ya 2013 wakarudisha kaulimi ka kuinuka, ila bei yake tusiongelee hapa.

#24 Kijana_wa_Simu
Wazee na heshima zote, mteja anataka WhatsApp, si mnunue simu nzuri tu ya elfu hamsini? Inapiga fremu kadhaa inazichanganya, kanzu haiungui, uso unaonekana, hakuna kupimia spoti wala nini.

#25 Mama_Studio_Kakamega
Mwanangu, siku utaenda matanga na simu kila mjukuu pale ana simu kama yako. Watakulipa nini?

#26 Kijana_wa_Simu
Hapo umenimaliza mathe.

#27 Fokasi254
Lakini ana pointi kwa kanzu. Simu inachanganya fremu, ndiyo maana haiungui. Ukiwa na RAW na upunguze stopu moja unapata kitu kama hicho kwa mkono, halafu unainua nyuso kwa Darktable, programu ya kuhariri picha, ni ya bure.

#28 Omwana_wa_Khwisero
Swali la pembeni, Jakamera hizo lenzi umezichungulia ndani na tochi? Kisumu na ule unyevu, lenzi ikikaa kwa mkoba wa ngozi mwaka mzima inaota fangasi kama utando wa buibui. Kwa filamu huenda hukuona, kwa megapikseli 24 utaona.

#29 Jakamera_Manyatta
105 na 50 ziko safi. 28 iko na kauzi kamoja pembeni, kako hapo tangu zamani na hakajakua. Naziweka kwa ndoo ya plastiki yenye kifuniko na vile vipaketi vya silika vinavyokuja na viatu, vikilowa navikausha kwa jua.

#30 Mtu_wa_Maabara
Huku Nakuru unyevu si shida, shida ni vumbi. Kila ukibadilisha lenzi linaingia kwa sensa. Filamu ilikuwa inasonga, doa linaondoka na fremu yake, sensa ni ile ile, doa unalo mpaka ulisafishe. Piga ukuta mweupe na f/16 utaona kila kitu. Na wale mnamwambia anunue D610 mwambieni asipewe D600 kwa jina la D610, ile ilikuwa na madoa ya sensa mpaka 2014 Nikon wenyewe wakatangaza kuitengeneza bure. Zinafanana, asome herufi za mbele.

#31 NaxPixel
Na mimi nitetee kropu kidogo jameni. Mimi napiga ndege pale Lake Nakuru, na 300mm inakuwa kama 450 bure. Mtu wa fulu fremu anabaki anakata picha nyumbani.

#32 Omwana_wa_Khwisero
Ndege gani, si flamingo walihamia Bogoria maji yalipopanda?

#33 NaxPixel
Mwari wako, na wengine wengi. Flamingo wanarudi wakitaka, si lazima wakujulishe.

#34 PentaxPekee
Kuna mtu ameuliza kama anaweza kubaki na filamu? Nyeusi na nyeupe unaosha mwenyewe nyumbani, dawa ya D-76 haitaki mashine.

#35 Jakamera_Manyatta
Hiyo naifanya sana. Kitabu kinasema dawa iwe digrii 20, maji ya bomba ya hapa hayajawahi kuwa digrii 20 tangu niyajue, naenda kwa mama wa samaki ananipa barafu, naweka chupa ya dawa ndani ya beseni mpaka themomita iteremke, na ukichelewa inapanda tena. Napenda, lakini mwenye matanga hataki nyeusi na nyeupe, atadhani namletea picha za mwaka wa 1960.

Anyway nimetoka kuiona hiyo D7100. Nilibeba lenzi zote tatu. Mwalimu ulisema kweli, niliandika namba kwa menyu na mita ikaamka hapo hapo, 105 imekaa vizuri mno, nilipiga muuza mahindi ng'ambo ya barabara nikahesabu punje. Doti ya fokasi inafanya kazi ila inachelewa kidogo. 28 ndiyo imeniumiza, Mama Studio nilikukumbuka, nilisimama ndani ya duka sikuweza kupata kaunta nzima. Ina nafasi mbili za memori kadi, hiyo nimeipenda. Anataka thelathini na nane.

#36 Fokasi254
Shata imepiga ngapi, yaani kamera imepiga picha ngapi tangu itoke kiwandani? Piga JPEG moja uweke kwa hizo tovuti zinasoma, inakuambia. Fanya hivyo kwa kamera yoyote unayoenda kuona.

#37 Mwalimu_Mstaafu
Kwa Nikon ndiyo. Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo ndani ya JPEG, kwa hivyo "yoyote" uitoe. D7100 ilijaribiwa kiwandani kwa shata 150,000. Hiyo si siku ya kufa, zingine zinapita, zingine hazifiki.

#38 Jakamera_Manyatta
Imesoma 61 elfu na kitu.

#39 NaxPixel
Thelathini na nane na hiyo shata ni sawa. Inayobaki unachukua 18-55 ya mtumba, wide yako imerudi.

#40 Mama_Studio_Kakamega
18-55 ya f/3.5-5.6, inayopitisha mwanga kidogo, ndani ya hema? Na flashi kila saa usoni mwa wafiwa? Ongeza kidogo uchukue fulu fremu, narudia.

#41 Omwana_wa_Khwisero
Mama sitini yake ndiyo mwisho, na bado hajanunua memori kadi, betri ya pili, wala hadi diski. Hizo vitu hakuna mtu ametaja. Kadi msinunue za mtaani zimeandikwa 256 kwa bei ya soda, zijaze kwa H2testw, programu ya kupima kadi, kabla ya kazi uone kama zinarudisha ulichoweka.

#42 Fokasi254
Kuna jamaa wangu hapa Eldoret anauza D610, bodi tupu na betri mbili, alianza na sabini, nikimkalia chini nadhani sitini atakubali. Shata iko juu ya elfu tisini. Jakamera nikuunganishe? Anakuja Kisumu wikendi.

#43 Jakamera_Manyatta
Muulize kama sitini ni pamoja na chaja. Na aje na ringi ya mlango ikiwa safi, nitafunga 28 kwanza kabla tuongee pesa. Mpwa naye ametuma lile faili, mita ilikuwa matrix, fidia sifuri, rangi Vivid. Haya endeleeni kubishana.

#44 Omwana_wa_Khwisero
Mwembe! Nilijua ni mwembe!

#45 Mwalimu_Mstaafu
Wewe ulisema spoti.

#46 Mtu_wa_Maabara
Vivid ndiyo hiyo. Mwambie akulete RAW kama anayo tuone kama kamba ya kiunoni iko.

#47 Fokasi254
Chaja iko ndani ya sitini. Anasema Jumamosi mchana, mkutane pahali penye watu, na ubebe kadi yako.